Sufuria ya Juu ya Kabati

Jumamosi ile Silvanus alirudi kutoka kazini saa tatu na nusu asubuhi, na kabla adhuhuri haijafika nyumba haikuwa naye tena.

Alikuwa fundi wa mashine za kufulia. Alizunguka kwenye majengo ya kupanga ya Springfield na Alexandria, akifungua mashine zilizogoma na kukusanya sarafu za robo dola katika mifuko ya turubai. Miaka mitatu nyuma watu wawili walimlaza kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, wakamwekea mguu shingoni, wakaondoka na mifuko. Baada ya hapo alijiandikisha kwenye darasa la silaha, akaenda mahakamani kuomba kibali, akanunua bastola. Aliibeba kiunoni chini ya shati, ndani ya ala ngumu ya ngozi, na hakuna ndugu wala rafiki kanisani aliyejua. Mkewe Adela alijua. Binti yao Vumilia, mwenye miaka saba, alijua kanuni moja tu, na aliijua kama jina lake.

Siku hiyo alitakiwa kwenda Laurel, Maryland, kwenye kikao cha chama cha wahamiaji wenzake. Kibali chake kilikuwa cha Virginia, na kibali cha Virginia kinaishia mtoni. Ukishavuka daraja, upande wa Maryland, wewe na mhalifu ni kitu kimoja. Kwa hiyo kila alipotaka kuvuka, Silvanus alipanda kwanza chumbani, akaifungia bastola kwenye kisanduku cha chuma kilichokuwa nyuma ya viatu, akajipapasa kiunoni mara mbili, ndipo akachukua ufunguo wa gari. Adela alizoea kumcheka: "Unajipekua mwenyewe kama askari wa uwanja wa ndege."

Jumamosi ile hakufika chumbani. Alifika jikoni, akashika ukingo wa sinki, jasho likamtoka. Vumilia alikuwa mezani, anakula nafaka na maziwa. Silvanus alizitazama ngazi. Zilikuwa kumi na tatu, na alijua hatazimaliza.

Alifungua ala kutoka kiunoni, bastola ikiwa ndani yake. Alinyoosha mkono juu ya makabati, mahali ilipokaa sufuria kubwa ya pilau, ile iliyoshushwa Krismasi na siku za sherehe za chama. Alisukuma kifuniko, akaitumbukiza, akarudisha kifuniko.

"Vumi," alisema, "kanuni inasemaje?"

Vumilia alielewa Kiswahili chote, ila alijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: usiguse, ondoka pale, mwambie mtu mzima.

"Mtu mzima yupi?"

"Yeyote."

"Vizuri. Sasa lete simu. Piga tisa, moja, moja."

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, na hakuinuka tena kwa nguvu zake. Adela alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, akimvisha soksi bibi mmoja kipofu, simu ilipomfikia.

Jumapili nyumba ilijaa. Watu walitoka Laurel, walitoka Gaithersburg, walitoka Baltimore. Wanaume walibeba makochi wakayapeleka gereji, wanawake wakatandika godoro sebuleni, wakamkalisha Adela juu yake na kanga kichwani. Dorothea, dada mkubwa wa Silvanus, alishika usukani wa msiba. Alikuwa muuguzi hospitalini Gaithersburg, amezoea kusema na watu wakafanya. Alipanga nani alale wapi, nani apokee simu za Bukoba, na alisema mbele ya wote kwamba mjane hanyanyuki kwenye godoro isipokuwa kwa haja, na asiende peke yake.

"Hapa ni Amerika, ndiyo," alisema, "lakini mdogo wangu hakuzaliwa hapa."

Mfuko wa vitu vya Silvanus uliotoka hospitalini ulikuwa chini ya mto wa Adela. Alikuwa ameupekua mara tatu. Mkanda. Viatu. Saa. Funguo. Ala haikuwemo. Alijiambia kwamba Silvanus aliiweka kwenye kisanduku kabla ya kuugua. Silvanus hakuwa mtu wa kusahau. Saa nane mchana alisema anakwenda kubadili kanga, akachopoka akapanda juu kabla hajapatiwa wa kumsindikiza.

Kitanda kilikuwa kimefunikwa na makoti ya wageni, rundo zima. Alipiga magoti, akavuta viatu, akatoa kisanduku, akakifungua. Ndani kulikuwa na kibali, risiti ya dukani, na sponji iliyokatwa kwa umbo la bastola. Umbo lilikuwa tupu.

"Wifi."

Dorothea alikuwa mlangoni. Adela alikifunika kisanduku kwa kanga.

"Unatafuta nini?"

"Karatasi."

"Karatasi zipi? Za bima?"

"Wifi, si hivyo."

"Mdogo wangu yuko kwenye friji, wewe uko chumbani na funguo. Watu wametoka mbali kukupa pole, wanakuta godoro. Tuwaambie nini? Kwamba mjane yuko juu anahesabu?"

"Naomba unisikilize kidogo..."

"Nitakusikiliza tukishazika. Nipe hizo funguo nikutunzie."

Adela alizitoa. Alipokuwa akishuka ngazi, wanawake waliokaa chini waliinua macho kisha wakayashusha pamoja, naye akajua kwamba neno bima limetangulia kufika.

Kuanzia hapo alikaa akisikiliza nyumba. Watoto walikuwa kumi na moja. Alikuwa amewahesabu. Walikimbia juu, walifungua milango, walijificha kwenye kabati za nguo. Mlango ulipobamizwa aliruka mahali alipokaa, na mama aliyekuwa karibu akamkumbatia akasema, "Lia mwanangu, lia, usijizuie." Hakuwa analia. Alikuwa anajiuliza kama ipo chini ya godoro la chumbani, nyuma ya televisheni, kwenye kapu la nguo chafu, kwenye mojawapo ya yale makoti.

Kusema hakuweza. Alikuwa amemwahidi Silvanus, na Silvanus alikuwa na msemo wake: silaha ikishajulikana si ulinzi tena, ni habari. Angemwambia Dorothea, Dorothea angeipigia simu Bukoba, na kesho yake kule wangesema Silvanus alikuwa jambazi Marekani na hayo ndiyo yaliyomuua. Tena sheria ya Virginia haitaki silaha yenye risasi iachwe mahali panapomhatarisha mtoto. Silvanus alikuwa amemsomea mstari huo mwenyewe, kwa kidole. Aliyeiacha hakuweza kushtakiwa. Aliyebaki ni yeye, na huko mzazi anayeshtakiwa anaweza kunyang'anywa mtoto.

Jioni aliomba kwenda chooni. Dorothea alimsindikiza, akasimama nje. Adela alifungulia maji, akampigia Jahi.

Jahi alikuwa Mmarekani Mweusi, mwalimu wa lile darasa la silaha. Kiswahili alikisoma chuoni, na Silvanus alimtania siku zote kwamba anaongea kama taarifa ya habari.

"Bi Adela, nimehuzunika mno," alisema. "Niko Richmond. Nitafika kesho."

"Jahi, haipo kwenye kisanduku."

Jahi aliuliza polepole, "Alikuwa ameivaa alipoanguka?"

"Hospitali wamenipa mkanda. Ala haimo."

"Basi imo ndani ya nyumba. Waambie watu wazima wote sasa hivi. Watoto watoke."

"Siwezi."

"Bi Adela. Kuificha ni kwa barabarani. Ndani ya nyumba yenye watoto haifichwi. Inafungiwa. Hilo Silvanus alilijua kuliko wanafunzi wangu wote."

"Watanichukulia mtoto."

"Nani atakuchukulia? Waambie."

Mlango uligongwa. "Unaongea na nani humo?" Dorothea aliuliza.

"Na Mungu," Adela alijibu, akazima simu.

Wakati huo Vumilia alikuwa amesimama koridoni kando ya shangazi yake. Tangu Jumamosi kila mtu alimwambia jambo moja: usiende kwa mama, utamliza. Basi hakwenda kwa mama. Lakini kanuni ilisema mtu mzima yeyote, na shangazi alikuwa mtu mzima kuliko wote. Alisubiri Dorothea akapokea simu ya Bukoba, akasubiri akaimaliza, na ilipoingia nyingine akamvuta kanga.

"Shangazi, ni lazima nimwambie mtu mzima kitu. Baba aliweka..."

Dorothea alifunika simu kwa kiganja. "Vumilia. Wakubwa wakiongea, watoto wanafanya nini?"

"Wanakwenda nje."

"Haya."

"Lakini iko jikoni, kwenye..."

"Ukiwa na njaa mwambie Mama Flaviana akupe chapati. Nenda."

Vumilia alikwenda. Alikaa kwenye ngazi ya nje na chapati asiyoila. Alikuwa amekwisha kusema.

Jumatatu watu waliongezeka, maana habari ilikuwa imeenea na siku ya kusafirisha mwili ilikuwa imepangwa. Adela hakuwa amelala. Usiku kucha alisubiri kishindo kimoja, na kulipokucha bila kishindo aliogopa zaidi.

Jikoni alitawala Mama Flaviana, Mkongo wa Laurel, mwanamke mnene mwenye mzaha hata msibani. Mchele ulikuwa mwingi na sufuria zilikuwa zimejaa.

"Bon, wamama," alisema, "hizi casserole zenu ni za kupikia ndege. Watu wako sitini huko. Ile kubwa kule juu inafanya nini? Inaangalia televisheni?"

"Inataka mtu mrefu," mmoja alisema.

"Ndirangu! Papa Ndirangu! Njoo, Mungu alikupa urefu bure, leo ulipe."

Ndirangu, Mkenya aliyeendesha basi la kaunti, aliingia akikunja mikono ya shati. "Nimekuja, mathe. Ni hii tu? Hii mimi nashusha na mkono moja."

Vumilia alikuwa mlangoni. "Msiguse," alisema. Alisema kwa Kiingereza, halafu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akarudia kwa Kiswahili. "Msiguse hiyo."

"Toto, toka hapo, maji yanachemka," Mama Flaviana alisema.

Vumilia aligeuka. Alipita katikati ya wanawake waliokaa sebuleni, akikanyaga kanga na vidole vya watu, mpaka kwenye godoro alipokatazwa kufika. "Mama, wanaishusha sufuria ya baba. Ile aliyoiweka ndani."

Adela hakuuliza aliweka nini.

Alisimama. Kanga ya kichwa ilianguka, nywele zake zikaonekana, kuna mama alisema "Jamani!" na Dorothea akanyoosha mkono kumshika, akakosa. Alifika jikoni miguu mitupu. Ndirangu alikuwa ameiteremsha sufuria mpaka begani, imeinama upande, na ndani yake kitu kizito kiliteleza kikagonga ukuta wa bati.

"Eh," Ndirangu alisema, "kuna kitu humu."

"Usiinamishe. Ndirangu, usiitikise. Ishushe wima. Polepole."

Sauti yake ilimfanya Ndirangu atii. Aliiweka sakafuni kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Mkono wake ulikwenda kwenye kifuniko.

"Usifunue."

Na Adela, kwa kuwa hakujua namna ya kuitoa risasi, na kwa kuwa aliamini mikono yote iliyokuwa mle ndani ingetaka kufunua, aligeuka akakaa juu ya sufuria.

Jikoni maji yaliendelea kuchemka.

"Watoto wote watoke nje," alisema. "Mpaka bustanini. Nampigia mtu simu, na sitaondoka hapa mpaka afike."

Jahi alikuwa barabarani, foleni ya makutano ya Springfield imemkamata. Dakika arobaini, alisema. Usiiguse. Fanya hivyo hivyo unavyofanya.

Dakika arobaini ni nyingi kwa mjane aliyekaa juu ya sufuria, kichwa wazi, mbele ya watu waliokuja kumlilia mumewe. Walijaa mlangoni. Wa nyuma waliwauliza wa mbele, na wa mbele wakajibu kwa kunong'ona ambako kila mtu alikusikia. Amerukwa na akili. Hapana, ni mali. Bima huwa ni karatasi, sasa kile kilichogonga ni nini? Ni dhahabu, basi, ya kutoka Geita. Mtu alicheka, akajikohoza.

"Madame Adela," Mama Flaviana alisema kwa upole, "mchele tutapika wapi?"

"Pikeni kidogo kidogo, mama. Nisamehe."

Dorothea aliingia akafunga mlango mgongoni kwake, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wa kioo.

"Inuka."

"Siinuki, wifi."

"Unaniaibisha. Unamwaibisha aliyekufa. Jana nimekukuta na kisanduku, leo unakalia sufuria kama kuku. Fungua tuone unachokiatamia."

"Akifika Jahi."

"Jahi ni nani? Ndiye Mungu uliyekuwa unaongea naye chooni?"

Adela aliinua uso. Alikuwa amechoka kuficha, na aliona kwamba kilichobaki cha kulinda si siri.

"Ni bastola," alisema. "Ya Silvanus. Ina risasi. Alikuwa na kibali, na aliibeba kila siku kwa miaka mitatu, wala hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona. Tangu jana mchana nimekuwa nikiitafuta. Ndiyo karatasi niliyokuwa nikitafuta."

Dorothea alirudi nyuma hatua moja. "Ndani ya nyumba yenye watoto? Umekaa na jambo hili tangu jana, wanangu wamelala humu, na hukusema?"

"Sikusema. Kosa ni langu. Lakini sikujua ilipo."

"Nani alijua?"

Vumilia hakuwa amekwenda bustanini pamoja na wengine. Alikuwa upande wa pili wa mlango wa nyuma, pua kwenye wavu.

"Mimi," alisema. "Nilikuambia, Shangazi. Jana. Ulisema niende nje."

Dorothea aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka juu ya meza, na hakuishika tena siku hiyo.

Jahi alifika na shati lililoloa jasho. Aliwaomba wote waondoke jikoni, akamwambia Adela anaweza kuinuka. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, Ndirangu alimnyanyua. Adela hakutaka kuondoka. Alisimama kando ya friji akaangalia.

Jahi alifunua. Hakuishika upesi. Aliitazama kwanza ilivyolala, kisha akaitoa pamoja na ala yake, mdomo wa bastola ukielekea chini kwenye kona yenye saruji nyuma yake. Alitoa bastola, akatoa magazini yenye risasi, akavuta chuma cha juu. Risasi moja iliruka kutoka kwenye chemba ikabingirika hadi miguuni pa jiko. Alitazama ndani, akaingiza kidole, akatazama tena.

"Iko tupu," alisema. Kisha akaiokota ala, akaigeuza kwenye mwanga. "Bi Adela, njoo uone. Kuna ukanda hapa wa kuifunga isichomoke. Nilipoitoa ulikuwa umefungwa."

"Maana yake?"

"Mtu anapoivaa huufunga. Anapoivua haraka, mara nyingi unafunguka. Huu ulifungwa baadaye. Kifungo chake ni kigumu, kinataka vidole viwili." Alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake hakikuwa cha taarifa ya habari. "Jamaa alikuwa anakufa, Adela. Na alikifunga."

Adela aliichukua ala ile tupu. Alikifungua kifungo, akakifunga, akakifungua. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, na wanawake wa sebuleni waliposikia wakaitikia, na msiba ukarudi mahali pake.

Nyuma yake mtu alimfunika kanga kichwani. Ilikuwa Dorothea. Alitoa funguo kwenye mfuko wa gauni lake, akaziweka mkononi mwa Adela, na Jahi akapanda na Adela juu kukitafuta kisanduku nyuma ya viatu. Chini, Mama Flaviana aliisugua sufuria kwa maji ya moto mara tatu, akainjika pilau.

Walimzika Silvanus Bukoba Jumamosi iliyofuata. Mwezi wa kumi na mbili Jahi alimsaidia Adela kuiuza bastola dukani, kwa karatasi zote za kisheria. Kisanduku kimebaki, ndani yake kuna kibali kilichoisha muda wake na ile ala, umefungwa ukanda wake.

Jumapili Adela akiwa kazini, Vumilia hushinda Gaithersburg kwa shangazi yake. Simu za Bukoba bado huingia, nyingi, na Dorothea bado huzungumza akizunguka koridoni. Mtoto akimvuta kanga, humwambia wa upande wa pili asubiri, hushusha simu, huinama.

"Sema," humwambia. "Nakusikiliza."